Pantoni la Kaub: niliyowaambia wenzangu kando ya mto Rhine

Haya ni maneno niliyoongea ile Jumamosi tulipoenda Kaub, Ujerumani, na familia zetu. Upepo ulikuwa mkali na treni za mizigo zilikuwa zinapita nyuma yetu kila mara, waliokaa mwisho hawakusikia hata nusu, wakaniomba niandike. Nimeyaacha kama yalivyotoka mdomoni.

Shikamooni wazee wangu, shikamooni mama zangu, na nyie vijana mambo vipi. Watoto njooni mbele hapa mkae kwenye hizi ngazi, ila msishuke mpaka kwenye maji, huu mto ukiutazama unaona umetulia lakini chini unavuta. Treni ikipita nitanyamaza kidogo, ikiisha naendelea, msije mkadhani nimemaliza.

Mimi nimekulia Kigamboni, Dar es Salaam, wengi mnajua. Miaka ile kwenda mjini maana yake ni pantoni, hakuna cha daraja, unaamka alfajiri unakuta foleni, mama wa vitumbua pale, jamaa wa baiskeli zenye matenga ya samaki pale, pantoni linafika linagonga gati, ile sahani ya chuma ya mbele inashuka kwa kishindo na watu wote wanakwenda kwa pamoja kama maji. Ukishuka ng'ambo uko sokoni, na soko lenyewe la samaki mpaka leo tunaliita Feri, yaani sehemu nzima ya mji imebeba jina la chombo cha kuvukia. Sasa mimi nimeishi Ujerumani hii miaka mingi na siku ya kwanza niliyokuja hapa Kaub nikaona gari zimepanga foleni mtoni, chombo kile bapa kinakuja, sahani ya chuma inashuka, nilisimama tu. Nikajisemea hawa ni watu wetu. Ndo maana nimewaleta.

Haya. Tuanze na hapa tuliposimama. Huu upande wetu ni ukingo wa kulia wa Rhine, yaani ukigeukia maji yanakoelekea, uko kulia. Nyuma yetu reli, nyuma ya reli nyumba, nyuma ya nyumba mlima, na mlima wenyewe mnauona ulivyosimama wima, mizabibu imepandwa kwenye mteremko ambao mbuzi angefikiria mara mbili. Nafasi ya kujenga hamna. Kwenye makaratasi Kaub ni mji, ilipata haki za mji mwaka 1324, ila wakazi wake leo hawafiki 1,000, kwetu hiki ni kijiji na mimi nitakiita kijiji, wenyewe watanisamehe.

Na ng'ambo ile mnayoiona, ile barabara na reli nyingine, mpaka ufike kule kuna njia moja tu: pantoni. Kutoka Wiesbaden na Mainz mpaka Koblenz, kama kilomita 80 hivi, hakuna daraja hata moja la gari juu ya Rhine. Wale mnaosema Ulaya kila kitu kipo, haya. Lilikuwepo daraja moja la reli kule Bingen na Rüdesheim, lilikamilika 1915 wakati wa vita ya kwanza ya dunia, na mwaka 1945 jeshi la Ujerumani lenyewe likalilipua likiwa linakimbia, halikujengwa tena. Kwa hiyo kipande chote hiki cha bonde watu wanavushwa na mapantoni, yapo kadhaa ya kubeba magari, na hili la Kaub ni mojawapo.

Sasa kitu ninachotaka mkishike leo ni hiki, na nitakirudia kwa sababu ndo kila kitu hapa. Hiki kijiji kimekula miaka yote kwa sababu mto ni mgumu. Ungekuwa mto rahisi, mpana, wa maji mengi, meli zingepita moja kwa moja wala nani angejua kuna mahali panaitwa Kaub. Lakini hapa mto unabanwa na milima, chini una miamba, maji yanakwenda mbio, na kila aliyetaka kupita au kuvuka ilibidi asimame aongee na watu wa hapa.

Ya kwanza ilikuwa ushuru. Tazameni kile kisiwa pale katikati, lile jengo jeupe lililokaa kama meli iliyotia nanga. Hiyo ndo Pfalzgrafenstein, watu wanaiita Pfalz tu. Watawala wa nchi iliyoitwa Pfalz walikuwa wameshanunua Kaub na ile ngome ya juu mlimani mwaka 1277 pamoja na haki ya kutoza ushuru, halafu mwaka 1326 hadi 1327 mfalme Ludwig wa Bavaria akajenga mnara pale kwenye mwamba katikati ya mto. Mnara una pembe tano, na pembe moja imeelekezwa kule maji yanakotokea ili ipasue mkondo na barafu wakati wa baridi. Miaka michache baadaye ukazungushiwa ukuta. Papa wa wakati ule, Yohana wa 22, alikuwa na ugomvi mkubwa na huyo mfalme na huu ushuru ulimkera kwelikweli, akalalamika, lakini mnara ukabaki.

Sikilizeni ulivyofanya kazi kwa sababu ni akili kubwa. Juu kidogo ya hapa upande wa kushoto mto una miamba mibaya, meli haziwezi kupita huko, kwa hiyo kila meli inayoshuka lazima ije upande huu wetu, ipite katikati ya kisiwa na kijiji. Kushoto kwake ngome ya mtoni, kulia kwake kijiji chenye ukuta na ngome ya mlimani. Na kati ya pande mbili wanavuta mnyororo. Basi unaenda wapi? Unalipa. Asiyelipa wanamzuia mpaka apatikane wa kumkomboa, na wanasimulia kwamba gereza la pale lilikuwa jukwaa la mbao linaloelea ndani ya kisima, mtu anakaa juu ya mbao na chini yake maji. Kwenye kisiwa kile ndani mpaka leo hakuna umeme wala choo, kwa hiyo watoto watakaopanda kile kiboti cha kwenda kuangalia, chooni ni sasa hivi, nawaambia wazazi mapema.

Ushuru ule ulidumu zaidi ya miaka 500. Falme zilibadilika, wenyewe walibadilika, hela zilibadilika, ila mwenye meli alisimama Kaub akalipa. Ulikuja kuisha pale Prussia, ufalme mkubwa wa Kijerumani, ilipoichukua nchi ya Nassau, ambayo Kaub ilikuwa ndani yake, mwaka 1866, na mwaka 1867 utozaji ukakoma, na mwaka 1868 nchi za mto huu zikasaini mkataba wa Mannheim kwamba Rhine ni njia huru, meli ipite bila ushuru wa njia. Kwa wafanyabiashara ilikuwa sherehe. Kwa kijiji hiki ni mlango mmoja wa riziki uliofungwa.

Nimewataja Prussia, acha nirudi nyuma kidogo, kwa sababu kile kisa kikubwa cha Kaub, kile kinachofanya mabasi yaje hapa, ni cha usiku wa kuamkia mwaka mpya wa 1814.

Picha ilivyokuwa ni hivi. Ng'ambo ile tunayoiona ilikuwa Ufaransa. Kweli kabisa, tangu majeshi ya mapinduzi ya Ufaransa yafike Rhine, upande wa kushoto ulikuwa wa Wafaransa na upande huu ni wa Wajerumani wa Nassau, yaani kupanda boti hapa na kushuka pale ni kwenda nchi nyingine. Oktoba 1813 Napoleon anapigwa Leipzig, anarudi nyuma ya mto, na maadui zake wanafika kwenye mto wanasimama. Hapo yupo mzee mmoja, jemadari wa Prussia, Blücher, alishapita miaka 70, ana jeshi la Waprussia na Warusi pamoja, watu kama 50,000, farasi 15,000, mizinga 182. Anataka kuvuka. Sasa jeshi la ukubwa huo unalivushaje mto wa barafu bila daraja, tena adui yuko upande wa pili?

Akachagua Kaub. Kwa nini Kaub? Kwanza ni mahali pembeni, mabonde yamejificha, ukishusha jeshi kwenye njia za milimani nyuma yetu hapa aliyeko ng'ambo haoni. Pili ni kile kisiwa. Kisiwa kinaugawa mto, unajenga daraja la nusu ya kwanza mpaka kisiwani, halafu nusu ya pili kutoka kisiwani mpaka ng'ambo. Tatu, na hii vitabu vingi vinaipitia kwa haraka mimi siwezi, Kaub kulikuwa na watu wanaoujua huu mto gizani.

(Hapa treni ilipita, ndefu, mabehewa yote yamebeba magari mapya, tukasubiri.)

Nasema hivi. Usiku ule, saa nane na nusu hivi usiku, baridi ya Januari, kimya, wamekatazwa kelele, wanajeshi wa kwanza kama 200 wanaingia kwenye mashua hapa hapa ukingoni. Nani anapiga kasia? Wenyeji. Watu wa mashua wa Kaub na vijiji vya jirani. Vipande vya barafu vinaelea, mkondo unavuta, taa hakuna, na ng'ambo kuna walinzi wa Kifaransa wenye bunduki. Askari akifika ng'ambo anaruka anapambana, yule mpiga kasia anafanya nini? Anageuza mashua anarudi kuchukua wengine. Halafu tena. Halafu tena. Fikirieni mikono yake.

Asubuhi wanajeshi wahandisi wa Kirusi wakaanza daraja. Lilikuwa daraja la kuelea, maboti bapa yanapangwa ubavu kwa ubavu yanatiwa nanga na juu yake mbao, na maboti yenyewe ya Warusi yalikuwa fremu za mbao zilizovikwa turubai lililopakwa lami, ili yabebeke kwenye mikokoteni. Kwa lugha za huku boti la namna hiyo linaitwa ponton. Mmesikia? Ponton. Pantoni. Lile neno tulilokuwa tunalisema kila siku kule gatini Magogoni, "pantoni limeharibika", "pantoni limekuja", ndo hilohilo, ndugu yake yuko hapa. Mimi nilipogundua hilo nilifurahi kama mtu aliyekutana na binamu yake stesheni.

Nusu ya kwanza mpaka kisiwani ikaisha mapema. Nusu ya pili ikakaribia kuisha, halafu mkondo ukaisukuma, nanga hazikushika, kipande kikubwa kikang'oka kikasombwa. Jeshi liko kwenye njia nyembamba za kijiji, maelfu ya watu na farasi wamesongamana, wanalala kwenye uchochoro, wanachoma chochote kinachowaka wapate joto. Wenye nyumba humu mnafikiri walilala? Wakaitengeneza tena, tarehe 2 daraja likapitika na siku zilizofuata jeshi likavuka lote. Mwezi wa tatu mwishoni walikuwa Paris.

Sanamu ya Blücher ipo hapa, iliwekwa 1894, na ile nyumba ya wageni aliyofanya makao yake sasa ni makumbusho. Vizuri, alikuwa jasiri, sibishi. Lakini kwenye ile sanamu amesimama peke yake. Wale waliomvusha watu wake kwa kasia usiku wa barafu, wakaenda wakarudi, hawapo. Mimi mtoto wa mahali pa kuvukia hili linaniuma, nalisema wazi. Kila mto una jemadari wake kwenye kitabu, na kila jemadari alivushwa na mtu.

Tuendelee, jua linashuka.

Baada ya ushuru kuisha riziki ya pili ilikuwa rubani. Nyie vijana mkisikia rubani mnafikiria ndege, ila waulizeni wazee wa pwani, rubani ni neno la bahari, ni yule anayepanda kwenye chombo cha mgeni na kukiongoza kuingia bandarini kwa sababu yeye ndo anajua miamba iko wapi. Rhine nayo ilikuwa na marubani wake na Kaub ilikuwa kituo chao kikubwa. Kutoka hapa kwenda juu mpaka Bingen ni sehemu mbaya kabisa ya mto, kuna mahali karibu na Bacharach wenyewe wanapaita Wilde Gefähr, jina lenyewe lina hatari na ukali ndani yake, na kule Bingen kulikuwa na mwamba uliovuka mto mzima ukaacha mlango mwembamba tu. Nahodha kutoka Uholanzi anafika na meli yake, anapiga honi, rubani wa Kaub anatoka na kiboti, anapanda, anashika usukani. Baba rubani, mtoto rubani, mjukuu rubani. Huwezi kujifunza darasani, unajifunza kwa kupita mara elfu unaangalia maji yanavyokunja uso juu ya jiwe lisiloonekana.

Halafu wakaanza kulipua mawe. Walianza zamani, miaka ya 1830, wakaja kufanya kazi kubwa miaka ya 1960 na 1970, njia ya meli ikapanuliwa ikachimbwa, meli zikapata injini za nguvu, zikapata rada. Mwaka 1988 urubani ukafungwa. Mnaona ile kamba ninayoivuta tangu mwanzo? Mto ukilainika kidogo, kazi moja Kaub inakufa.

Kulikuwa na machimbo pia, yale mawe meusi ya bapa wanayoezekea nyumba, angalieni mapaa yote haya, ni mawe hayo, yalichimbwa humu mlimani mpaka 1972. Na mlima huohuo tarehe 10 Machi 1876 usiku uliporomoka ukafunika nyumba, wakafa watu zaidi ya 20. Mlima nyuma, mto mbele, kuishi hapa ni kukaa katikati ya viwili vinavyosogea. Mto ukifurika hizi barabara za chini zote ni maji, na wale wa zamani walikuwa wanapita juu kwenye njia ya ule ukuta wa kale wa mji, wanatoka mlango wa juu wa nyumba wanatembea ukutani kwenda kwa jirani. Nimeiona hiyo njia, ina upana wa mtu mmoja na kikapu chake.

Sasa kuna kisa kimoja ambacho wenzangu wa mipakani, wale wa Kigoma, wa Uvira, wa Busia, mtakielewa kuliko Wajerumani wenyewe. Vita ya kwanza ya dunia imeisha 1918, washindi wanakuja kukaa kwenye Rhine. Wamarekani wanachukua Koblenz, Wafaransa Mainz, na kila mmoja anapewa upande huu wa kulia nusu duara ya kilomita 30 kutoka mjini. Mtu amechora kwa bikari kwenye ramani. Sasa chora duara mbili zinazokaribiana, katikati zinaacha nini? Zinaacha kipande chembamba kama shingo ya chupa, na ndani ya shingo hiyo kuna Lorch, kuna Kaub, kuna vijiji kadhaa, watu kama 17,000 ambao hakuna aliyewachukua. Huku Wamarekani, huku Wafaransa, mbele mto na ng'ambo yake majeshi ya washindi pia, nyuma milima isiyo na barabara ya maana. Treni zinapita hazisimami. Barua shida, makaa shida, chakula shida.

Basi wakaiita Nchi Huru ya Shingo ya Chupa. Januari 1919 mpaka Februari 1923. Meya wa Lorch ndo alikuwa mkuu wao, wakachapisha noti zao wenyewe kwa sababu hela haikuwafikia, na kilichobaki ni magendo. Usiku mashua zinaingia mtoni bila taa. Wanasimulia mpaka treni ya makaa ya mawe iliyokuwa imesimama Rüdesheim waliivuta ikaingia kwao, watu wakapata moto wa jikoni. Mnaona tena wale wale? Vizazi vya wale waliovusha jeshi mwaka 1814, sasa wanavusha viazi na maziwa. Mstari umechorwa na mtu aliye mbali kwenye meza, halafu mwenye mtumbwi ndo anayelisha watu. Haya si ya kuelezwa mtu wa Ziwa Tanganyika.

Wafaransa walipoingia Ruhr, eneo la viwanda la Ujerumani, mwaka 1923 wakaichukua na shingo ya chupa, ikaisha.

Leo Kaub inasikika kwenye habari kwa kitu kimoja tu, kipimo cha maji. Kipo hapa hapa, Pegel Kaub, na ndicho kinachoangaliwa na kila mwenye mzigo kutoka Rotterdam mpaka Basel. Kwa nini cha hapa? Kwa sababu hapa ndo mto una kina kidogo kuliko kote njiani, kwa hiyo maji ya Kaub ndo yanayoamua tishari lipakie tani ngapi. Kipimo kikishuka chini ya sentimita 78 hivi wanahesabu ni maji haba na nauli za mizigo zinapanda. Tarehe 22 Oktoba 2018 kilisoma sentimita 25, chini kuliko wakati wowote uliorekodiwa. Msielewe vibaya, sentimita 25 si kina chote, sifuri ya kipimo haiko chini kabisa ya mto, njia ya meli bado ilikuwa na zaidi ya mita moja, lakini kwa tishari la mzigo hilo ni janga, linabeba robo ya mzigo au halibebi. Kiwanda kikubwa kabisa cha kemikali, BASF kule Ludwigshafen, kilibidi kipunguze uzalishaji kwa sababu mto haukuleta malighafi. Mwaka 2022 mwezi wa nane hali ikajirudia, nilikuja kuangalia kwa macho yangu, mawe ambayo siku zote yako chini ya maji yalikuwa yamekauka juani, meupe kwa konokono waliokufa, na mwamba wa kisiwa kile ulikuwa umetoka nje kama ufizi.

Kwa hiyo baada ya karne zote za kulipua na kuchimba, mto umerudi kuwa mgumu, na ugumu wenyewe uko Kaub. Ila safari hii hakuna anayelipwa kwa huo ugumu.

Limebaki pantoni. Hapo ndo kuna mjadala wa daraja, na huu mjadala una miaka mingi kuliko umri wa nusu yenu hapa. Wanataka kulijenga kule St. Goar, chini kidogo ya hapa. Wengine wanasema bonde hili ni urithi wa dunia, UNESCO walilitambua 2002, na mnakumbuka Dresden walijenga daraja lao kwenye bonde la Elbe wakafutwa kwenye orodha mwaka 2009. Wengine wanasema urithi wa dunia haumpeleki mtoto wangu shule.

Mimi nina maoni yangu. Usiku mapantoni yanalala. Mwenye mgonjwa ng'ambo, mwenye zamu ya usiku, anazunguka kwa gari mpaka Koblenz au Wiesbaden. Maji yakijaa sana pantoni linasimama, kesho yake na keshokutwa. Huwezi kumwambia mtu avumilie hayo ili mimi nije Jumamosi nipige picha. Na kwetu pia, nilivuka Daraja la Nyerere Kigamboni baada ya kufunguliwa 2016 na nikashukuru Mungu, mama yangu alizeeka kwenye ile foleni. Daraja la Kigongo na Busisi limefunguliwa 2025, kilomita 3 hivi juu ya Ziwa Victoria, watu waliokuwa wakisubiri masaa wanapita kwa dakika.

Lakini wale waliokuwa wanauza samaki wa kukaanga kwenye foleni ya Busisi, wale vijana wa mahindi, yule bibi wa chai, mtu akijenga daraja awahesabu na wao kwenye bajeti, awaulize mapema watakula wapi. Watu wa Kaub wanajua jibu la hilo swali maana wameshaulizwa na mto mara tatu, kwa ushuru, kwa urubani, kwa machimbo, na mara zote walijibiwa baada ya kazi kuisha. Ukitembea hii mitaa utaona maduka yaliyofungwa, madirisha yenye pazia la miaka, nyumba nzuri za mawe ambazo mtoto wa mwenye nyumba ameshahamia Frankfurt. Sisemi daraja lisijengwe. Nasema anayelijenga aje akae kwanza kwenye benchi la hapa asubuhi moja, aone nani anavuka, amebeba nini, anarudi saa ngapi.

Nimeongea sana. Mnaona lile pantoni limeshaachia ng'ambo, linakuja limekaa upande, hapo nahodha anausoma mkondo, haelekezi pua moja kwa moja kwenye gati, anaielekeza juu kidogo maji yanakotokea halafu anauacha mto wenyewe umlete. Watoto mwangalieni vizuri mikono yake. Wazee tangulieni, magari yashuke kwanza ndo tupande, na nauli tunalipia humohumo ndani kwa yule kaka mwenye mkoba wa ngozi, mwenye chenji achangie asiye nayo.